Alilipiwa Kwenda Tu

"Panda," bwana meneja alisema, akiielekeza fimbo yake kwenye mizani.

Mbinya aliijua ile mizani. Ilikuwa ya kiwandani, ya kupimia marobota ya mkonge. Asubuhi hiyo wanaume walikuwa wameikokota mpaka kwenye uwanda uliofyekwa ng'ambo ya reli ya Kibwezi, ili rubani ajue ndege yake itabeba uzito gani. Nyuzi nyeupe za mkonge zilikuwa bado zimenasa kwenye bamba lake. Memsahib hakupandishwa. Aliulizwa kwa sauti ya chini, akajibu kwa sauti ya chini zaidi, na rubani akaandika bila kumtazama usoni. Mbinya, yaya wa mtoto wao, ndiye aliyepaswa kupimwa mbele ya watu.

Akapanda, na mwanawe Muli mgongoni, amefungwa kwa leso. Wafanyakazi wa shamba walikuwa wamesimamishwa kazi ili waje kufukuza mbuzi na pundamilia uwanjani, na sasa walikuwa wamejipanga kandokando wakitazama. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mumewe Mbinya, Kisilu, hakucheka. Alikuwa amepewa kazi ya kuchoma majani mabichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo unakotoka. Aliinama akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Rubani, kijana mwenye kofia ya ngozi, alisoma mshale, kisha akazunguka nyuma ya Mbinya.

"Hii nini?"

"Mtoto wangu, bwana."

"Hapana. Toto hapana."

Mbinya alikuwa hajajibu aliposikia sauti kutoka kwenye motokaa. "Binya! Binya wapi?" Ni Piter, mtoto wa bwana meneja, amejikunja kwenye kiti cha nyuma, magoti yamegusa kidevu. Tangu jana tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Daktari Mhindi aliyeitwa kutoka Makindu alilipapasa mara moja tu, akasema huo ni ugonjwa wa kisu, na kisu kiko Nairobi, na wakilingoja gari la moshi watazika. Kila alipoguswa Piter alipiga mayowe, isipokuwa alipoguswa na Mbinya. Ndiyo sababu yaya alikuwa anapimwa.

"Bwana," Mbinya alimwambia meneja, "huyu bado ananyonya. Hata uji hajaanza."

"Ni leo tu, yaya. Unaenda, Piter anatulia, ndege inakurudisha jioni."

"Jioni ya leo?"

"Jioni ya leo. Nimekwisha sema."

Kisha sanduku la memsahib likawekwa kwenye mizani, sanduku la ngozi lenye mikanda, na mshale ukapanda. Mbinya hakujua kusoma, lakini mshale ule haukutaka msomi. Alikwisha kumbeba Muli tangu siku aliyotoka tumboni. Alijua uzito wake kuliko alivyojua jina lake.

"Bwana," alisema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, kwa kuwa alijua anachofanya. "Sanduku ni zito kuliko Muli."

Bwana meneja akawa mwekundu kuanzia kwenye kola. Memsahib akainua kichwa kutoka kwenye motokaa, akalitazama sanduku, akamtazama mtoto mgongoni, midomo yake ikafunguka kana kwamba ana neno. Piter akalia. Memsahib akainama tena, na neno lile, kama lilikuwepo, likaishia hapo.

"Kisilu!" bwana aliita bila kugeuka. "Chukua mtoto wako."

Kisilu akaja, mikono inanuka moshi. Alifungua fundo la leso huku akimnong'oneza mkewe kwa Kikamba: "Mama Muli, usinitie mashakani. Kazi yangu na yako, hata nyumba tunamolala, zote ziko mkononi mwa mtu huyu. Ni mpaka jioni tu."

Aliyempokea mtoto alikuwa Kalunde, mama yake Kisilu, mwanamke mkavu wa maneno aliyekuwa ameshuka kutoka milima ya Mbooni kuja kumlea mjukuu. Alimkalisha Muli kiunoni, akamtazama mkwewe.

"Mbuzi wa jirani amezaa, tutajaribu maziwa yake," alisema. "Nenda, mwiitu, binti yangu. Lakini ujue, mtoto hana habari na jioni."

Rubani akakitoa hata kifurushi cha viazi alichokuwa nacho Mbinya, akakiweka chini majanini. Sanduku likapakiwa.

&nbsp;

Ndani ya ndege kulinuka petroli. Mbinya alikaa na Piter mapajani, memsahib kando yake, na ardhi ilipowaachia hakupiga kelele, maana mtoto alikuwa amekilaza kichwa kifuani pake na kifua chenyewe kilikuwa kinauma kwa maziwa. Alichungulia dirishani kulitafuta paa lake. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimekuwa kama uyoga uliokauka, na ule moshi wa Kisilu ulikuwa uzi tu. Alitafuta mtu aliyembeba mtoto kiunoni. Hakukuwa na watu huko chini, kulikuwa na wekundu wa udongo na njia za ng'ombe, kama mikwaruzo ya kucha.

Piter alimtapikia, mara ya kwanza na ya pili. Mbinya alimfuta kwa upindo wa gauni lake jeupe la uyaya na kumwimbia kwenye sikio wimbo wa Kikamba ambao hakuna mwingine aliyeusikia kwa ngurumo. Wakati mmoja ndege ilidondoka kama ndoo iliyokatikiwa kamba, na mkono wa memsahib ukarukia kifundo cha mkono wa Mbinya ukakishika. Haukuachia tena. Mbinya alikuwa amefua nguo za mwanamke huyu, amemtandikia, amemchana nywele alipougua, lakini kushikwa naye hakukuwa kumewahi kutokea. Mkono ule ulikuwa baridi. Mbinya akausogelea. Kwa muda ule, huko juu, walikuwa mama wawili wenye mgonjwa mmoja.

&nbsp;

Alidhani watashukia kwenye uwanda mtupu kama ule walioondokea. Uwanja wa Nairobi ulikuwa soko. Palikuwa na mabanda makubwa ya mabati yaliyomeza ndege nzima nzima, bendera, magari yaliyopangwa safu, na mbele ya jengo la ofisi ndege kubwa ya barua iliyokuwa imetua muda huo huo kutoka Kisumu. Wazungu walishuka wakiita majina ya watu. Wapagazi walipishana na masanduku kichwani, maboi wa kanzu walibeba sinia za chai, mbwa alibweka ndani ya kizimba cha miti.

Gari jeupe la wagonjwa lilikuja mpaka kwenye bawa. Mbinya alimkabidhi Piter kwa nesi, akainua mguu kumfuata. Nesi akauweka mkono wake mlangoni.

"Hapana wewe."

"Memsahib," Mbinya aliita.

Memsahib alikuwa amekwisha keti ndani, uso mweupe kama shuka. "Ngoja hapa, yaya," alisema. "Ngoja hapa. Asante." Mlango ukafungwa. Gari lilipogeuka Mbinya alisikia "Binya!" kutoka ndani, mara moja, kisha kelele za uwanja zikaimeza sauti ile.

Hapa ni wapi? Alianza kwa kusimama palepale, mpaka fundi mmoja akampungia spana aondoke kwenye njia ya ndege. Alikwenda kivulini, kwenye baraza yenye viti vya ukindu, boi wa kanzu akamjia akipepea kitambaa cha mezani kama anayefukuza kuku. "Hapa ni pa Wazungu, mama." Akakaa kwenye ncha ya benchi iliyokuwa ukutani, mama mmoja wa Kihindi mwenye watoto akamtazama, akavuta sketi ya binti yake isiguse gauni lenye matapishi. Mbinya akainuka mwenyewe. Kwenye banda la mizigo mpagazi alimwambia atakanyagwa. Mwishowe alisimama juani, karibu na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, na hapo ndipo askari wa uwanja alipomwendea.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza kwa Kiswahili, kisha alipoyaona masikio yake yaliyotobolewa na meno yake yaliyochongwa akarudia kwa Kikamba. Alikuwa mtu wa Nuu, Ukambani, jina lake Kiema.

"Ni wa bwana wa mkonge, Kibwezi. Nangoja ndege inirudishe jioni."

"Nani amekuambia itakurudisha?"

"Bwana mwenyewe."

Kiema alitazama ile ndege ndogo iliyokuwa ikimiminiwa petroli, kisha akatazama chini. "Kamuulize karani dirishani," alisema. "Uliza vizuri."

Dirishani alisubiri. Kila Mzungu aliyefika nyuma yake alikuwa mbele yake. Mmoja alitaka kujua mbwa wake yuko wapi, mwingine alitaka stempu. Karani, Mgoa mwenye miwani, alimtazama kila mara kama anayesema nimekuona, lakini ilichukua muda mrefu kabla hajapata nafasi ya kumsemesha.

"Ile ndege ya Kibwezi? Hiyo haiendi Kibwezi tena. Wawindaji wameikodi, inaelekea kaskazini sasa hivi."

"Na mimi?"

"Wewe ulilipiwa kuja."

"Na kurudi?"

Karani alivua miwani akaifuta. "Bwana wako alilipia kwenda tu, mama. Ya kurudi hakulipia."

"Alisema jioni. Alisema mbele ya watu."

"Kusema ni bure," karani alijibu, wala hakulisema kwa ubaya. "Kiti si bure."

Nyuma yake injini ikakohoa, ikashika. Mbinya hakumuaga karani. Alikimbia na viatu vyake vya raba, vile vyeupe alivyonunuliwa na memsahib asubuhi hiyo kwenye duka la stesheni ili asipande ndege miguu mitupu. Alikuwa amefika kwenye mawe ya chokaa Kiema alipomkamata kwa mikono miwili.

"Niachie! Niachie nimwambie!"

"Ukivuka mawe haya, anayefukuzwa kazi ni mimi," Kiema alisema. "Nina watoto pia. Nisamehe, dada."

Rubani alikuwa amekwisha panda. Akamwona. Mbinya akainua mikono yote miwili akaipunga, akipiga kelele kwamba ameachwa, kwamba mwanawe hajanyonya. Kijana yule alitabasamu chini ya kofia yake ya ngozi, akainua mkono, akampungia kwaheri. Ndege ikageuka, vumbi likawafunika wote wawili, askari na mwanamke, na walipofumbua macho ilikuwa angani.

&nbsp;

Mwili una saa yake. Jua lilipofika utosini, saa ambayo Muli huamka usingizini na kulitafuta titi, maziwa yalishuka yenyewe. Mbinya alikunja mikono kifuani lakini haikusaidia kitu. Gauni lililowa mbele, kwanza pande mbili ndogo, kisha likashikana. Vijana wa mizigo wakaonyeshana. Mmoja alimwuliza kwa sauti kama anauza kwa kikombe au kwa chupa. Wenzake wakaangua kicheko. Kiema, kutoka kwenye mawe yake, aliwakemea, lakini cheko lilikuwa limekwisha toka.

Aliyemjia alikuwa mwanamke wa Kisomali, mrefu, wa makamo, aliyefika na gari la punda kuleta maziwa ya ng'ombe kwenye jiko la uwanja. Jina lake Abshiro. Alimtazama Mbinya kama mtu anayemtazama mfugo wake, bila aibu na bila dharau.

"Mtoto iko wapi?"

"Kibwezi."

"Amekufa?"

"Hapana! Yuko hai."

"Basi kwa nini wewe nalia kama mtu ya matanga? Kuja."

Alimpeleka nyuma ya jiko, kati ya kuni na ukuta, akautandaza mtandio wake mpana kama pazia. "Kamua," alisema.

Mbinya akasita. "Kwetu maziwa ya mama hayamwagwi ovyo chini."

"Hata kwetu. Lakini ukiacha ndani, itafanya jipu, halafu mtoto atakosa leo na kesho. Kamua, dada. Mungu anaona."

Akakamua, meno ameyauma kwa maumivu, na maziwa yakadondoka kwenye vumbi la mkaa. Sisimizi wakaja. Hapo ndipo alipolia hasa, kilio kisicho na sauti kinachotikisa mabega, na Abshiro akalishika pazia lake mpaka kikaisha. Kisha akamwuliza kila kitu, na Mbinya akamwambia.

"Hiyo hospitali iko wapi najua," Abshiro alisema. "Mimi naweza kupeleka wewe mpaka geti. Hiyo memsahib atakuona, labda atatoa nauli. Labda atasema kaa na mtoto yake. Jioni iko gari ya moshi, ya watu, inasimama kila stesheni. Chagua."

Mbinya aligeukia upande ambao gari jeupe lilikuwa limeelekea. Alimwona Piter juu ya meza, akimwita. Alikuwa amemlea tangu hajui kutambaa. Neno lake la kwanza mtoto yule lilikuwa la Kikamba, na memsahib alicheka siku hiyo, halafu hakucheka tena. Kama angefika getini na kuambiwa ingia, je, angeweza kutoka? Alijijua. Asingeweza. Na Kibwezi Kalunde alikuwa anamtia Muli kijiko mdomoni.

"Ya moshi," alisema. "Lakini sina nauli."

"Najua huna. Vua viatu."

"Ni vya memsahib."

"Iko kwa mguu ya nani?"

Mbinya akavivua. Abshiro alivigeuza, akabonyeza soli, akasema vina thamani ya safari ya daraja la tatu na chapati juu yake. Alikuwa na nyayo ndefu mno kwa viatu vile, na binti zake, alivyosema mwenyewe, walikuwa wameolewa mbali. Mbinya aliliona jambo hilo. Alielewa kwamba Abshiro ananunua tu ili yeye asiombe. Akafungiwa kipande cha shuka kifuani, akapanda gari la punda kati ya madebe matupu. Walipopita kwenye mawe ya chokaa Kiema alisimama wima kama anayempigia saluti bwana mkubwa, uso ameugeuza.

&nbsp;

Gari la moshi lilimteremsha Kibwezi alfajiri. Alitembea miguu mitupu kati ya mistari ya mkonge, umande ukiwa baridi, na jua lilikuwa limechomoza alipofika kwenye nyumba za wafanyakazi. Alisikia kilio kabla hajaiona nyumba. Hakikuwa kile kilio cha Muli alichokijua, cha mtu anayedai haki yake. Kilikuwa chembamba, cha mtu aliyechoka kudai.

Kisilu alikuwa amekaa kizingitini. Alipomwona alisimama, akakaa tena.

"Nilikaa kule uwanjani," alisema. "Niliwasha moto tena ili rubani aone upepo. Watu walipita wakiniuliza nachoma nini. Niliposhindwa kuona mkono wangu ndipo nikarudi."

"Ulimwuliza bwana?"

"Nilikwenda mpaka barazani kwake. Nikamwambia, bwana, ulisema jioni. Akaniuliza, 'Nilisema?'" Kisilu alifuta uso kwa kiganja. "Hata hakukasirika, mama Muli. Alikuwa amesahau tu."

Ndani, Kalunde alikuwa amempakata mtoto. Maziwa ya mbuzi Muli alikuwa ameyatapika, na yaliyobaki tumboni yalikuwa yametoka yote kwa kuharisha; macho yake yalikuwa yameingia ndani na utosi umebonyea. Mbinya alinyoosha mikono, na Kalunde akaizuia.

"Kwanza yatoe yale ya safari. Yamelala kifuani na uchungu wote huo. Hakuna mtu wa nyumba yangu atakayempa mtoto hayo."

Hakubishana. Alivua gauni, na Kalunde mwenyewe, yule mkavu wa maneno, akapiga magoti mbele ya mkwewe akamkamua kwa vidole vyake vigumu, polepole, akimwambia pole kila anaposhtuka. Kisha akalichukua gauni lenye matapishi ya mtoto wa mtu mwingine akalifua kwenye karai na kulianika nje, kwenye ua wa miiba.

Muli aliletwa kifuani akageuza uso. Mbinya alimgusa midomo kwa tone. Akageuza tena. Chumba kizima kilikuwa kinapumua kwa ajili ya mdomo ule mdogo. Mara ya tatu alilishika titi, akaliachia, akalalamika, akalishika, na Mbinya akahisi ule mvuto aliokuwa ameukumbuka siku nzima na usiku wote. Kalunde akatoka, akaenda nyuma ya nyumba ili asionekane anafuta macho.

Ndipo waliposikia motokaa.

&nbsp;

Bwana meneja hakuwa na desturi ya kufika kwenye nyumba za wafanyakazi; nyapara ndiye aliyetumwa huko. Leo alikuja mwenyewe, hajanyoa, shati ni lile la jana. Kisilu alitoka akasimama mlangoni, akauziba kwa mwili wake.

"Simu imekuja," bwana alisema. "Wamempasua Piter. Yuko hai, lakini homa haijashuka. Hali, hanywi, anamlilia yaya. Uwanjani Nairobi wamemtafuta, hayupo; kama amerudi huku, ndege itakuja tena leo kumchukua. Yuko wapi?"

Mbinya aliyasikia yote hayo kupitia ukuta wa udongo. Yuko hai. Moyo wake uliruka kabla hajaukataza, na mkono wake ukajikuta umekwisha shika leso, tayari kujifunga. Kisha Muli akasita kunyonya kwa ule mstuko, akafungua macho, akamtazama. Mkono ukarudi.

Nje Kisilu aliendelea kuuziba mlango. Alikuwa mtu wa ndiyo bwana. Alikuwa ameisema tangu ujana wake, kwa bwana huyu na kwa yule aliyemtangulia.

"Mbinya hajarudi, bwana," alisema.

"Hajarudi?"

"Bado. Ulimpeleka Nairobi. Ndege ya jioni haikuja."

Mbinya angeweza kumwona bwana meneja kwenye ufa wa dirisha. Alikuwa ameinua macho kupita bega la Kisilu, na macho hayo yalikuwa yametua kwenye ua wa miiba, pale gauni jeupe la uyaya lilipokuwa linachuruzika maji. Kisilu aligeuza kichwa, akaliona alilokuwa analitazama. Hakuna aliyesogea. Tone baada ya tone liliangukia vumbini, na ndani mtoto alianza tena kunyonya kwa kelele ya kumeza, sauti ambayo hata kiziwi asingeikosa.

Ili aseme kwamba anaongopewa, ingembidi bwana aulize huyo mwanamke alirudije, kwa nauli ya nani, na kwa miguu gani. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu tena. Akavua kofia, akaivaa.

"Akirudi," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya amri, "mwambie mtoto anamwita."

"Akirudi nitamwambia."

"Mwambie... " Hakumaliza. Aliingia kwenye motokaa, akaketi muda mrefu na mikono kwenye usukani kabla hajaiwasha.

Mbinya alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kichwa cha Muli, na asingeweza kumwambia mtu yeyote mle ndani kwamba nusu ya machozi hayo ilikuwa ya mtoto aliyekuwa Nairobi, anayeita jina lake bila herufi ya kwanza.

Kisilu aliingia. Kalunde alirudi kutoka nyuma, akamtazama mwanawe kama aliyemwona leo.

"Nyapara atafika kabla ya mchana," Kisilu alisema. "Kazi imekwisha. Hata nyumba."

"Mbooni kuna nyumba," Kalunde alijibu. Alikuwa ameanza kukusanya: chungu, jembe, ngozi ya kulalia, mtungi. "Ni kupanda tu, na nyumba yangu haina nyapara. Inuka, mwiitu. Tuondoke jua halijawa kali, tusingoje kufukuzwa kama mbwa."

Kisilu alichukua jembe, akasimama nalo. Mbinya hakuinuka. Alimweka Muli vizuri zaidi mkononi, akamfuta tone mdomoni, akambadilisha upande wa pili.

"Ngojeni," alisema. "Hajashiba."

Kalunde akaweka chungu chini. Kisilu akaegemeza jembe ukutani, akaketi. Wakangoja.